Kitufe cha Ndiyo: kisa cha Pendekezo la 22 huko California

Oktoba 2020, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu wa Marekani, dereva wa Uber wa California akiwasha programu aanze kazi alikuta kioo cha simu kimezibwa na ujumbe. Ulimwambia kwamba Pendekezo la 22, muswada uliokuwa unapigiwa kura ili dereva kama yeye ahesabiwe mkandarasi huru badala ya mwajiriwa, ni maendeleo. Chini yake palikuwa na vitufe viwili: kimoja kimeandikwa "Ndiyo kwa 22", cha pili kimeandikwa "Sawa". Cha "Hapana" hakikuwepo. Anachotafuta dereva saa hiyo ni abiria, na njia ya kumfikia abiria ilipita hapo. Aguse kimojawapo, ramani ifunguke, siku ianze.

Picha hiyo imenikaa kichwani tangu nilipoisoma katika habari za kesi ambayo madereva wenyewe walifungua. Zimeandikwa kurasa nyingi kuhusu fedha zilizomwagwa kwenye kura ile, na kweli zilikuwa nyingi kupita kiasi. Lakini mimi naona kioo kile cha simu kinaeleza zaidi. Swali la sheria liliulizwa umma mzima, na mmoja wa wenye kesi ndiye aliyekuwa ameshika simu ya mpiga kura.

Tuanze na swali lenyewe limetoka wapi.

Katika majimbo kadhaa ya Marekani, wananchi wanaweza kutunga sheria moja kwa moja bila kupitia bunge la jimbo lao. Unaandika muswada, unakusanya saini, ukifikisha idadi unawekwa kwenye karatasi ya kura. California ilijipatia utaratibu huu mwaka 1911, chini ya Gavana Hiram Johnson, wakati kampuni ya reli ya Southern Pacific ilikuwa na nguvu kubwa mno katika siasa za jimbo. Wananchi walipewa kalamu ili waweze kuiruka meza ambayo mkubwa wa reli alikuwa ameikalia. Kwa sheria ya kawaida, mwaka 2020 zilihitajika saini 623,212. Mwenye fedha huajiri watu wa kukusanya saini hizo nje ya maduka na vituo vya mabasi, hivyo kizingiti kinachomtesa mwananchi wa kawaida kwa miezi, kampuni tajiri inakivuka bila jasho.

Sisi wa Afrika Mashariki tunapoisikia kura ya maoni, tunakumbuka Kenya. Mwaka 2005 ilikuwa ndizi na chungwa, na chungwa likashinda. Mwaka 2010 ikawa kijani na nyekundu, na Katiba mpya ikapita. Swali lilikuwa moja, nchi nzima ikalijadili kwa miezi, kwenye matatu, msikitini, kanisani, kwenye kibanda cha chai. Mpiga kura wa California mwaka huo wa 2020 alipelekewa maswali 12 kwa mpigo, kuanzia Pendekezo la 14 hadi la 25: kodi ya majengo, dhamana mahakamani, pango la nyumba, kliniki za kusafisha figo, seli shina, faragha ya data. Juu ya hayo kulikuwa na kura ya rais, wabunge, madiwani na mahakimu. Kwa sababu ya korona, kila mpiga kura aliyejiandikisha alitumiwa karatasi yake nyumbani kwa posta. Mtu anakaa mezani jikoni na kalamu na karatasi ndefu, na watoto wanapiga kelele. Namwelewa kabisa anayetafuta njia ya mkato.

Sasa kiini cha mgogoro. Aprili 2018 Mahakama ya Juu ya California, katika kesi ya kampuni ya usafirishaji ya Dynamex, iliweka kipimo cha kumjua mwajiriwa. Kampuni ikitaka kumwita mtu mkandarasi huru lazima ithibitishe mambo matatu: kwamba haimwongozi katika kazi yake, kwamba kazi anayoifanya iko nje ya shughuli ya kawaida ya kampuni, na kwamba mtu huyo ana biashara yake mwenyewe ya namna hiyo. Jambo la pili ndilo lililowabana watu wa teksi za mtandaoni. Utasemaje kwamba kubeba abiria si shughuli yako? Mwaka uliofuata bunge la jimbo, kwa muswada wa Lorena Gonzalez wa San Diego, likakigeuza kipimo hicho kuwa sheria iliyojulikana kama AB 5. Gavana Gavin Newsom aliisaini Septemba 2019 na ikaanza kufanya kazi Januari Mosi 2020.

Kuwa mwajiriwa California kuna maana ya vitu vya kushikika: kima cha chini cha mshahara kwa kila saa ya kazi, malipo ya saa za ziada, likizo ya ugonjwa yenye malipo, fidia ukiumia kazini, mafao ukipoteza kazi, kurudishiwa gharama ulizoingia kwa ajili ya mwajiri. Kwa kampuni ambayo gari, mafuta na matengenezo yote yako juu ya dereva, orodha hiyo ni mzigo mzito. Kwa hiyo hata kabla gavana hajasaini, Agosti 2019, Uber, mshindani wake wa teksi Lyft, na DoorDash ya kufikisha chakula zilitangaza kutenga dola milioni 30 kila moja kwa ajili ya kura. Instacart na Postmates, nazo za kufikisha bidhaa, zikaingia. Mwisho wa safari upande wa Ndiyo ulikuwa umekusanya zaidi ya dola milioni 200, na upande wa Hapana, uliobebwa na vyama vya wafanyakazi, takriban milioni 20. Hadi siku hiyo, California ilikuwa haijawahi kuona pendekezo la kura lililotumiwa fedha kiasi hicho.

Pendekezo la 22 lilisema dereva wa programu ni mkandarasi huru, kisha likamwekea kifurushi cha ahadi. Ahadi ya kwanza ndiyo iliyopamba matangazo: dereva atahakikishiwa asilimia 120 ya kima cha chini cha mshahara, pamoja na senti 30 kwa kila maili. Ukiisikia kwenye televisheni unaona huyu anapata zaidi ya mwajiriwa. Mwajiriwa anapata mia, huyu mia na ishirini.

Ufunguo uko kwenye neno moja ndani ya maandishi ya sheria: muda unaohesabiwa. Saa ya dereva inaanza kuhesabiwa anapokubali rikwesti, na inasimama abiria anaposhuka au chakula kinapofikishwa. Dakika za kuzunguka uwanja wa ndege, za kuegesha nje ya mgahawa na kusubiri simu ilie, za kurudi mjini gari tupu baada ya kumpeleka mtu pembeni, hazimo. Kila dereva wa Bolt au Uber, awe Kariakoo au Westlands, anajua dakika hizo zilivyo. Ndizo zinazokula mafuta na mgongo.

Tupige hesabu. Januari 2021 kima cha chini California kwa waajiri wakubwa kilikuwa dola 14 kwa saa, na asilimia 120 yake ni dola 16.80. Watafiti wa kituo cha masuala ya kazi cha Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipoupima muswada huu mwaka 2019 walitumia kadirio kwamba theluthi moja ya muda wa dereva ni wa kusubiri na kurudi. Basi katika saa nzima barabarani zinahesabiwa dakika 40, nazo ni dola 11.20. Tuseme katika saa hiyo ameendesha maili 18, na 12 kati yake ni za kazi. Senti 30 mara 12 ni dola 3.60. Jumla dola 14.80. Sasa toa gharama za gari. Mamlaka ya kodi ya Marekani mwaka 2020 ilikadiria gharama ya kuendesha gari kwa shughuli za biashara kuwa senti 57.5 kwa maili, na maili 18 zote zimelila gari, zenye abiria na zisizo naye. Hizo ni dola 10.35. Mkononi zinabaki dola 4.45.

Huo ni mfano wangu, umbali nimeuchagua mwenyewe. Watafiti wa Berkeley, kwa hesabu pana zaidi, walifika kwenye dola 5.64 kwa saa kama kiwango ambacho pendekezo linakihakikisha. Kampuni zilipinga vikali na kusema madereva wengi wanapata zaidi sana ya hapo, na ni kweli kwamba dhamana ni sakafu, si dari, na bahshishi ziko nje ya hesabu. Lakini tangazo liliuza sakafu. Wewe ukiniuzia sakafu, mimi naipima sakafu.

Ruzuku ya bima ya afya nayo ilijengwa juu ya neno lilelile. Kuipata yote dereva alihitaji wastani wa saa 25 zinazohesabiwa kwa wiki. Kwa theluthi ile ya kusubiri, hizo ni saa 37 na nusu barabarani. Aliyefikisha 15 alipata nusu ya ruzuku.

Na kulikuwa na kifungu cha mwisho ambacho sikukiona kwenye tangazo lolote. Bunge likitaka kuirekebisha sheria hii, lazima lipate saba ya nane ya wabunge wote katika kila chumba, na rekebisho liendane na madhumuni ya sheria yenyewe. Bunge la California lina wajumbe 80 katika chumba cha chini na 40 katika seneti. Saba ya nane ni 70 na 35. Yaani maseneta sita wakikataa, basi. Zaidi ya hapo, maandishi yalisema sheria yoyote ya kuwaruhusu madereva kujadiliana na kampuni kwa pamoja itahesabiwa kuwa rekebisho, hivyo nayo lazima ipite kwenye tundu hilo la sindano.

Vyombo vilivyobeba ujumbe

Televisheni na redio sitazikalia. Matangazo yalijaa, madereva wenye nyuso za ukarimu wakisema wanapenda uhuru wa kupanga saa zao. Wengi wao, naamini, walisema kutoka moyoni. Mama anayeendesha gari watoto wakiwa shule, mwanafunzi wa jioni, mzee aliyestaafu, hawa wapo, na uhuru huo kwao ni kitu cha thamani. Kilichokosekana ni sentensi moja tu: AB 5 haikumkataza mwajiri yeyote kumwachia mfanyakazi wake apange saa anazotaka. Kubanwa kwa ratiba lilikuwa jambo ambalo kampuni zilisema zitalifanya, na zilikuwa na uamuzi wa kutolifanya.

Karatasi zilizotumwa majumbani zinahitaji kuangaliwa kwa karibu. Katika siasa za California kuna biashara ya vipeperushi vya orodha. Mtu anaunda jina lenye mvuto, anachapa kadi yenye wagombea na mapendekezo anayoyashauri, kisha anauza nafasi kwenye kadi hiyo. Mwaka 2020 ilisambazwa moja iliyobeba kaulimbiu ya wafuasi wa Bernie Sanders, seneta wa mrengo wa kushoto, na kujiita mwongozo wa mpiga kura wa kimaendeleo. Humo ndani: Ndiyo kwa 22. Sanders mwenyewe alikuwa anapinga Pendekezo la 22, kama walivyopinga Joe Biden na Kamala Harris. Nyingine ilijitambulisha kwa jina la baraza la wanawake wapiga kura. Sheria inadai kwamba kila aliyelipia nafasi awekewe nyota ndogo kando ya jina lake, na mahali fulani kwenye kadi ielezwe kwamba nyota maana yake ni malipo. Basi nyota ilikuwepo, ndogo kama punje ya ulezi, na kwa hiyo kadi ilikuwa halali. Mtu aliyezoea kupokea orodha kutoka kwa watu anaowaamini angejuaje kwamba hii imenunuliwa? Angelazimika kuitafuta nyota kwanza, na ili uitafute lazima uwe tayari unaishuku karatasi.

Imani ya watu ilinunuliwa kwa njia nyingine pia. Tawi la California la NAACP, jumuiya kongwe ya kutetea haki za Wamarekani weusi, liliunga mkono 22. Waandishi wa habari wakafichua kwamba kampuni ya ushauri ya rais wa tawi hilo, Alice Huffman, ilikuwa inalipwa na kampeni kadhaa za mapendekezo ya mwaka huo, ya 22 ikiwemo. Baada ya uchaguzi alitangaza kujiuzulu. Kwa jamii ambayo watu wake wengi wanaendesha magari hayo, hilo ni jeraha. Nalisema kwa uchungu, kwa sababu chombo cha namna ile hujengwa kwa miongo na vizazi.

Kisha kuna mifuko. DoorDash iliigawia migahawa mifuko ya chakula iliyochapwa Ndiyo kwa 22. Instacart iliwataka wanaonunua na kufikisha bidhaa waingize stika za kampeni kwenye mizigo ya wateja. Tulia hapo kidogo. Mtu ambaye haki yake ya kuitwa mwajiriwa ndiyo inayopigiwa kura anapanda ngazi hadi mlangoni pako, barakoa usoni, akiwa na mfuko wenye kampeni ya kumnyima haki hiyo. Wewe mteja unaupokea na kudhani ni yeye anayekuomba.

Na mwisho simu. Dereva alipata vile vitufe viwili. Abiria naye, akiitisha gari, alikutana na ujumbe wa kumwonya kwamba 22 ikishindwa magari yatachelewa na bei itapanda, na ilimbidi aguse kuthibitisha ndipo aendelee. Tangazo la televisheni unaweza kuondoka ukachote maji, kipeperushi ukakitia kwenye pipa. Huu ulikuwa umewekwa kati ya mtu na safari yake.

Oktoba 22 kundi la madereva lilikwenda mahakamani San Francisco kuomba ujumbe huo uzuiwe. Waliegemea sheria ya kazi ya jimbo inayomkataza mwajiri kuwashurutisha waajiriwa wake katika mambo ya siasa. Ona mtego waliokuwamo. Sheria hiyo inamzungumzia mwajiri na mwajiriwa. Ili wapate kinga dhidi ya kampeni ile, ilibidi kwanza wakubaliwe kuwa waajiriwa, na hilo ndilo lililokuwa linapigiwa kura. Siku chache kabla ya uchaguzi jaji alikataa kutoa zuio.

Tishio la kuzima

Kuna tukio moja la Agosti ambalo naliona lilikuwa na uzito kuliko vipeperushi vyote. Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Xavier Becerra, akishirikiana na wanasheria wa miji ya Los Angeles, San Diego na San Francisco, alikuwa amezishtaki Uber na Lyft kwa kutoifuata AB 5. Agosti 10 Jaji Ethan Schulman aliziamuru zianze kuwatendea madereva kama waajiriwa. Jibu lao lilikuwa kwamba zitasimamisha huduma. Agosti 20 Lyft ilitangaza kwamba usiku huohuo itazima programu California nzima. Saa chache baadaye mahakama ya rufani ikasimamisha amri ya jaji kwa muda, na magari yakaendelea.

Kuanzia siku hiyo, kwa mtu wa kawaida swali likawa limebadilika. Karatasi ya kura iliuliza kuhusu hadhi ya dereva kisheria. Mpiga kura alijibu kama gari litakuwepo Ijumaa usiku au halitakuwepo.

Watanzania wataitambua hali hiyo. Mwaka 2022 LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, iliweka kikomo cha asilimia 15 kwa kamisheni ambayo kampuni za teksi mtandao zinaweza kumkata dereva. Aprili mwaka huo Uber ilisimamisha huduma zake Tanzania, na haikurudi mpaka mapema 2023, baada ya mamlaka kupandisha kikomo hadi asilimia 25. Hapo hapakuwa na kura wala matangazo ya mamilioni. Ilitosha kuzima.

Sheria za uwazi zilifanya kazi

Jambo linalonisumbua zaidi katika kisa hiki ni kwamba uwazi ulikuwepo. Si kisa cha fedha za siri. Sheria ya California inalazimisha tangazo la pendekezo litaje wafadhili wake watatu wakubwa, na majina ya kampuni yalionekana chini ya kila tangazo. Michango yote iliwekwa kwenye tovuti ya Katibu wa Jimbo, yeyote aione.

Hata kichwa cha swali kwenye karatasi ya kura hakikuwapendelea wenye fedha. Kukiandika ni kazi ya Mwanasheria Mkuu, na Becerra aliandika kwamba pendekezo linazisamehe kampuni za usafiri na za kufikisha bidhaa kwa programu kutoa mafao ya waajiriwa kwa baadhi ya madereva. Kampuni zilikwenda mahakamani kukipinga, zikashindwa. Kijitabu rasmi cha mpiga kura kilitumwa majumbani kikiwa na uchambuzi wa ofisi ya bunge isiyoegemea upande, hoja za pande mbili, na nyuma kabisa maandishi kamili ya sheria, muda unaohesabiwa ukiwemo na saba ya nane ikiwemo. Kijitabu hicho hutolewa kwa lugha kumi, kutoka Kihispania hadi Kikhmer na Kitagalogi. Kiswahili hakimo, ingawa City Heights ya San Diego imejaa familia kutoka pande zetu. Tena dereva ambaye hajapata uraia, na madereva wahamiaji ni wengi, hakuwa na kura kabisa katika jambo lililomhusu kuliko wote.

Uchunguzi wa maoni ya wapiga kura uliofanywa na Chuo cha Berkeley kabla ya uchaguzi unaonyesha mwendo wa watu. Septemba asilimia 39 walisema Ndiyo, 36 Hapana, na robo nzima hawakuwa wameamua. Oktoba ikawa 46 kwa 42. Novemba 3 Ndiyo ilishinda kwa takriban asilimia 58.6. Waliokuwa hawajaamua waliangukia upande mmoja kwa wingi mno. Sidai kwamba vitufe vya simu ndivyo vilivyowasukuma, huwezi kutenga kitufe na kipeperushi na tishio la Agosti ukapima kila kimoja peke yake. Ninachodai ni hiki: kutajiwa nani amelipia tangazo hakumsaidii mtu ambaye tangazo limemfikia mahali asipoweza kuligeuzia mgongo, kwenye dakika asiyoweza kungoja. Sheria za uwazi ziliandikwa kwa ajili ya televisheni na posta, ambako mtu anaweza kuangalia kando.

Upande wa Hapana nao ulikuwa na kosa lake. Ulitumia nguvu nyingi kuwaambia watu kwamba kampuni kubwa zinajinunulia sheria. Ilikuwa kweli, lakini mtu mwenye karatasi mezani jikoni tayari alilijua hilo, lilikuwa limeandikwa chini ya kila tangazo. Ambacho hakuambiwa kwa sauti ya kutosha ni theluthi ile ya kusubiri. Ile hesabu ya dola 14.80 na 10.35 ingeingia nyuma ya kadi ya posta. Hilo lingekuwa jibu la asilimia 120, nambari kwa nambari. Labda wangeshindwa bado, mmoja dhidi ya kumi ni vita vigumu, lakini wangekuwa wamejibu.

Kilichofuata

Agosti 2021 Jaji Frank Roesch wa Kaunti ya Alameda alisema sheria hiyo inavunja katiba ya jimbo, kwa sababu inapunguza mamlaka ya bunge juu ya fidia za wafanyakazi. Machi 2023 mahakama ya rufani ilitengua sehemu kubwa ya hukumu yake, ikaiacha sheria isimame, lakini ikakikata kile kifungu kilichoyafanya majadiliano ya pamoja kuwa rekebisho. Julai 25, 2024 Mahakama ya Juu ya California, majaji wote kwa sauti moja, ikaihalalisha: wananchi wanaotunga sheria kwa kura wana mamlaka hayo pamoja na bunge.

Massachusetts ilikwenda njia nyingine. Kampuni zilijaribu kupeleka pendekezo kama hilo kwenye kura ya 2022, na Juni mwaka huo mahakama ya juu ya jimbo ikaliondoa. Katiba yao inataka pendekezo moja liwe na mambo yanayohusiana, na majaji waliona kwamba ndani ya muswada kulikuwa kumefungashwa suala la pili kwa lugha ya kuficha, la kuzikinga kampuni zisidaiwe ajali zinazosababishwa na madereva. Juni 2024 Uber na Lyft zilikubaliana na Mwanasheria Mkuu wa jimbo hilo kulipa dola milioni 175, na kumhakikishia dereva dola 32.50 kwa saa. Novemba mwaka huohuo wapiga kura wa Massachusetts wakaulizwa kama madereva waruhusiwe kuunda chama na kujadiliana, wakasema ndiyo. Nayo dola 32.50, ukiisoma kwa makini, ni ya muda wa safari peke yake, tangu rikwesti kukubaliwa mpaka abiria kushuka.

California nayo, Oktoba 2025, Newsom alisaini sheria ya kuwawezesha madereva wa kubeba abiria kuunda chama chao, kupitia mlango ule uliofunguliwa na mahakama ya rufani. Pendekezo la 22 limebaki pale pale. Dereva akiegesha leo nje ya uwanja wa ndege wa Los Angeles akasubiri nusu saa simu ilie, nusu saa hiyo bado haihesabiwi.